Kisu cha kufuliwa kinachokataa kukata: jibu kwa muuza ndizi wa Kibosho

SWALI: Shikamoo fundi. Nalima migomba Kibosho na kuuza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi. Nilinunua kisu cha kufuliwa kwa mkono, cha springi ya lori, bapa lake nchi 8, mpini wa mti. Niliambiwa kitanizika. Lakini kikilala na maji usiku mmoja kinaamka na kutu, makali yanaisha kabla ya saa nne asubuhi, mpini umeanza kucheza, na boksi hakilikati, kinalichana. Juzi askari kanikuta nacho kiunoni akaniuliza cha nini. Nirudi kwenye visu vya dukani vya mpini wa plastiki, au kuna namna ya kuishi na hiki?

JIBU: Marahaba dada. Usikitupe. Kwa dalili ulizotaja, inaonekana umeuziwa panga fupi likaitwa kisu. Chuma cha springi za lori, zile za vipande vilivyopangwa juu ya ekseli, ni chuma kizuri cha kisu: kina kaboni ya kati, takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na manganizi na mara nyingi kromi kidogo, hivyo kinashika ugumu bila kuvunjika ovyo. Shida ni kwamba springi yenyewe ina unene wa milimita 6 hadi 10, na fundi asiye na mashine huifua mpaka 5, akachoka, akaweka makali pembeni kabisa kwa grainda, akauza. Kinapendeza mkononi kwa sababu ni kizito. Kwenye boksi uzito huo haukusaidii kitu.

Kabla ya kununua jiwe jipya, pima unene nyuma ya makali. Chukua kadi ya benki. Kadi hizo karibu zote zina unene wa milimita 0.76. Iweke kando ya makali, utazame kwa mbele, ncha ikiwa inakuelekea: milimita moja juu ya makali, kisu kinatakiwa kiwe chembamba kuliko hiyo kadi, kiwe kama nusu milimita. Kikiwa kinene mara mbili ya kadi, hata ukikinoa mpaka kinyoe nywele za mkono, kitaingia kwenye boksi milimita mbili kisha mabega yake yataanza kusukuma karatasi huku na huku. Huko ndiko kuchana unakokuona. Na kwa kuwa unaongeza nguvu ili kipite, makali yanajikunja mapema, unasema hayakai.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kukipunguza. Mteremko wa makali usianzie milimita 5 kutoka ukingoni kama kwenye panga. Uanze karibu na mgongo, ushuke polepole mpaka chini. Kazi hii ukiifanya kwa tupa ya mkono kwenye chuma kilichokwisha komazwa, yaani kugumishwa kwa moto, utakesha, tena tupa itaisha wewe hujamaliza. Ipeleke kwa fundi mwenye grainda, lakini msimamie. Grainda inapogusa makali membamba, joto linapanda ndani ya sekunde. Ukiona rangi ya majani makavu imetokea pembezoni, joto limefika kama nyuzi 200 na kitu. Ukiona zambarau au buluu, limekaribia 300, na sehemu hiyo imelegea. Haitarudi kuwa ngumu kwa kunolewa. Masharti ni haya: karai la maji karibu, kisu kishikwe kwa mikono mitupu bila glovu, na kila kinapoanza kuunguza vidole kichovywe. Vidole vyenyewe ndivyo kipimo cha joto. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Atumie diski ya msasa wa vipande, si ile nene ya kusagia mapande ya kuchomelea, maana hiyo inachimba mashimo na kupandisha moto haraka zaidi.

Akifikisha nyuma ya makali milimita 0.7 au 0.8, mwambie aache. Zilizobaki malizia nyumbani kwa msasa wa maji namba 120 uliobandikwa juu ya kipande cha kioo kinene au marumaru. Ni jioni mbili za kazi, lakini hapo hakuna joto la kuharibu kitu.

Sasa ugumu. Inawezekana pia kisu kimekomazwa vibaya, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kulipia kukipunguza. Chukua tupa mpya, si ile iliyoisha meno. Ipitishe taratibu karibu na makali, kwa mkandamizo mdogo. Tupa ikiteleza na kutoa sauti ya kioo, ugumu upo. Ikiuma na kutoa unga kama inavyouma msumari, chuma ni laini. Fanya sehemu tatu, shinani, katikati na nchani, kwa sababu mafundi wengi huchovya nusu tu ya bapa majini, ukakuta katikati kugumu na ncha kama waya. Jaribio la pili linahitaji kipande cha mviringo cha shaba, hata ufito mwembamba wa mafundi wa friji. Laza makali juu yake kwa mlalo ule ule wa kunolea, kandamiza kidogo kisha vuta. Ukiangalia kwenye mwanga utaona makali yanapinda kidogo na kurudi. Yakipinda yakabaki hivyo, kisu ni laini. Yakimeguka vipande vidogo, ni kigumu kupita kiasi: kilichovywa, hakikuokwa tena kwa moto mdogo.

Kama ni laini au kinameguka, kirudishe kwa mhunzi kabla ya jambo lingine lolote. Wahunzi wa Mamba, kule upande wa Marangu, na wengi wa mjini wanajua kufua. Penye kutofautiana ni hatua mbili za mwisho. Mwombe akipashe mpaka sumaku iache kushika, kisha aongeze kidogo tu, rangi ipande kutoka nyekundu iliyokolea hadi nyekundu inayoanza kuelekea chungwa, ambayo kwa chuma hiki ni kama nyuzi 830 hadi 850. Aitazame rangi hiyo kivulini, maana kwenye jua la saa sita kila moto unaonekana hafifu na chuma kitaungua. Kisha akichovye wima, ncha kwanza, ndani ya mafuta yaliyopashwa kiasi, nyuzi 50 au 60. Mafuta ya kula yanatosha, lita mbili au tatu ndani ya kopo refu la chuma lenye kifuniko cha kuzimia moto. Oili chafu ya gari asitumie: moshi wake ni sumu na ndani yake mna mabaki ya metali. Maji nayo yanapasua springi. Ufa unaweza kuwa mdogo usioonekana, kisha ncha ikakatika siku unayotoboa gunia.

Baada ya kuchovya, kisu ni kigumu kama kioo na hakifai kutumika. Kinatakiwa kilale ndani ya jiko la kuokea mikate kwenye nyuzi 200 kwa saa mbili, kipoe, kirudiwe saa mbili nyingine. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, au inafanywa kwa dakika moja juu ya makaa. Kama mhunzi hana jiko la umeme, na wewe au jirani yako mnalo la keki, fanya mwenyewe. Muhimu ni isipite siku nzima kati ya kuchovya na kuoka.

Ufa unapimwa hivi: futa bapa kwa mafuta ya taa, liache dakika kumi, likaushe kabisa kwa kitambaa, kisha paka chaki nyeupe. Penye ufa, mafuta yatajitokeza kwenye chaki kama mstari mwembamba uliolowa. Springi kuukuu imepindishwa mara nyingi sana barabarani, hivyo hata kabla ya kufuliwa inaweza kuwa na nyufa za uchovu, hasa karibu na tundu la bolti ya katikati. Kisu chenye mstari huo kifanye cha kukwangulia matope.

Turudi kwenye makali, kwa sababu hapa ndipo utakapoona tofauti kila siku. Kwa kukata boksi, kamba, salfeti na vichwa vya chane, noa nyuzi 17 hadi 20 kila upande. Huhitaji kifaa cha kupimia. Kama bapa lako lina upana wa milimita 30, mgongo wa kisu ukiinuka milimita 9 juu ya jiwe upo kwenye nyuzi 17. Ukiinuka milimita 10 umekaribia 20. Penseli ya kawaida ina unene wa kama milimita 7, hivyo penseli moja na sarafu moja juu yake ni kipimo kizuri cha kuanzia. Weka pale, ona mkono wako umekaaje, ondoa penseli, noa kwa mkao huohuo.

Jiwe la pande mbili la madukani linatosha. Loweka maji au paka mafuta, uchague kimoja, maana jiwe lililokwisha kunywa mafuta halirudi kwenye maji vizuri. Anza na upande wa kukwaruza. Noa upande mmoja wa kisu mpaka ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kushuka nje ya makali upande wa pili, usikie kikwaruzo chembamba kama ukucha uliochanika, kuanzia shinani hadi nchani bila kukatika. Kikwaruzo hicho ni chuma kilichosukumwa kuvuka makali. Kisipotokea hujafika ukingoni, hata kama umenoa nusu saa. Watu wengi huacha hapa, kisha wanalaumu jiwe. Kikitokea, geuza, fanya vivyo hivyo upande wa pili. Hamia upande laini wa jiwe na ufanye mipigo mepesi, mmoja huku mmoja kule, ukipunguza mkandamizo mpaka kisu kinapita kwa uzito wake tu. Ukiacha kikwaruzo kikubwa bila kukiondoa, kisu kitakata ajabu kwa dakika tano za kwanza kisha kitafa, na hiyo huenda ndiyo sababu mojawapo ya makali yako kuisha kabla ya saa nne.

Sokoni usibebe jiwe. Geuza kikombe cha kauri chini juu: ile duara ya kitako isiyopakwa rangi ya kung'aa ni jiwe laini kabisa. Mipigo mitano kila upande, kwa mlalo uleule, kila unapoona kisu kinaanza kuteleza kwenye ganda. Hii haitoi chuma kingi, inanyoosha tu ukingo uliolala. Jiwe lenyewe utalihitaji mara moja kwa wiki au mbili. Ikiwa unalihitaji kila siku, tafuta kinachokula makali. Boksi lenyewe ni adui: karatasi zake, hasa zilizotengenezwa kwa karatasi kuukuu, zina chembe za mchanga na udongo. Shina la mgomba lililorushiwa udongo na mvua ni baya zaidi, na udongo wetu wa mlima una chembe kali za mawe ya volkano. Futa kwa kiganja au jani mahali unapokata, au bandua ganda la nje kwanza. Na kukata juu ya meza ya zege au bati la stoo ni kukiua kisu kwa mpigo mmoja. Tafuta kipande cha ubao.

Kazi nyingine si za kisu hiki hata kidogo. Kukatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe ni kazi ya panga. Mikanda ya chuma ya mabelo ni ya mkasi wa bati. Kufungua kopo, kuchokonoa misumari, kupasua kuni kwa kugonga mgongo na nyundo: hapo ndipo ncha zinapokatika, na ribiti za mpini zinapolegea.

Kutu. Chuma cha springi hakina kromi ya kutosha kukizuia kushika kutu, hivyo usikitarajie kiwe kama kisu cha jikoni cha chuma kisichoshika kutu. Lakini tofautisha rangi mbili. Utomvu wa mgomba una tanini. Ukikutana na chuma unatengeneza doa jeusi la bluu. Doa hilo halili chuma, kwa kweli linakilinda kidogo, usihangaike kulisugua kwa steeliwaya. Kutu nyekundu au ya chungwa ndiyo inayochimba. Ukitaka kinga ya mapema, osha bapa kwa sabuni liishe mafuta yote, lizamishe kwenye siki ya kawaida iliyopashwa moto kwa dakika kumi, suuza, kausha, rudia mara mbili. Litakuwa la kijivu cha kukoza. Halitapendeza kwa picha, ila litaamka vizuri asubuhi za masika.

Kila siku fanya hivi: kabla ya kuanza kukata chane, paka bapa mafuta ya kula kidogo, utomvu hautagandamana. Jioni utomvu uliobaki unatoka kwa mafuta hayohayo au kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha maji na sabuni, kisha kukausha papo hapo, si kuacha kidondoke chenyewe kwenye beseni. Mwisho paka tone la mafuta. Alizeti na mafuta mengine ya kula yakiachwa siku nyingi yanaganda na kunata. Kwa kisu kinachogusa chakula nunua parafini ya maji ya duka la dawa, ile isiyo na harufu. Kichupa kimoja kitakutosha muda mrefu. Na kisilale ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inatunza unyevu, tena iliyotengenezwa kwa chumvi za kiwandani inaharakisha kutu. Kilale nje, juu, mbali na watoto.

Kuhusu magonjwa ya migomba, kwa sababu wewe unahama shina hadi shina na kisu kimoja. Mnyauko wa bakteria, ule uliosumbua migomba ya Kagera kuanzia miaka ya 2000, unasafiri kwa visu na mapanga. Ushauri unaotolewa ni kuchovya kifaa kwenye jiki, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 5 za maji, au kukipitisha motoni mpaka kisigusike. Jiki inakula chuma haraka, lakini ukisuuza na kupaka mafuta mara umalizapo, hasara ni ndogo. Moto ndio wa kuogopwa kwa kisu hiki: makali membamba yanapita nyuzi 200 kabla mgongo haujapata joto, na kazi yote ya mhunzi imekwenda. Ya motoni fanyia panga kuukuu. Kisu cha kufuliwa kipe jiki.

Mpini unaocheza. Ang'oa uone umeshikwaje. Kama msuka, ule mkia wa chuma unaoingia mpinini, ni mwembamba kama kijiti, umechomekwa motoni ndani ya tundu la mti bila chochote kingine, basi utacheza daima, kwa sababu tundu lililochomwa limejaa mkaa. Safisha tundu, kwaruza msuka kwa msasa mpaka ung'ae, futa mafuta, jaza gundi ya epoksi ya mirija miwili, chomeka, acha saa 24. Toboa pia tundu la milimita 4 au 5 linalopita mti na msuka, pitisha ufito wa shaba ukaugonge pande zote mbili. Msuka mgumu hautatoboleka kwa drili ya kawaida. Kabla ya kutia gundi, sehemu hiyo tu ipashwe nyekundu na kuachwa ipoe majivuni huku bapa likiwa limezungushiwa kitambaa kilicholowa.

Kama msuka ni mpana kama mpini wenyewe, wenye vipande viwili vya mti pembeni, tatizo karibu kila mara ni mti mbichi. Ulikauka, ukasinyaa, ukaacha mwanya, maji yakaingia na sasa kuna kutu ndani inayosukuma mti nje. Weka vipande vipya vya mti uliokauka kabisa: mninga ni mzuri na hauchezi sana na misimu, mpingo hauozi lakini ni mzito na unapasuka ukitobolewa haraka, mgrivilea unaopatikana kila kihamba ni laini mno kwa kazi hii. Urefu wa mpini uwe upana wa kiganja chako na sentimita moja au mbili za ziada, kwa wengi sentimita 11 hadi 12. Umbo liwe la yai ukiukata katikati, lisiwe duara, ili gizani mkono ujue makali yako wapi. Mbele pawepo na kinundu cha kuzuia kidole kisiteleze kwenda kwenye makali, kwa sababu mikono yako ina utomvu na mafuta. Wengi hukisahau kinundu hicho, nami naona kina faida kuliko nakshi zote. Ukipaka mafuta ya linsidi ya duka la rangi, vitambaa ulivyotumia vianike vimekunjuliwa nje au vilowekwe majini. Vikikunjwa na kutupwa pembeni vinaweza kujiwasha moto vyenyewe.

Ala. Kwa kazi ya maji na utomvu mimi ningechagua bomba la PVC kuliko ngozi, hata kama halina heshima. Chukua bomba la nchi 2, kata kipande kirefu kidogo kuliko bapa, lipasue kwa urefu, lipashe kwa maji yanayochemka au hewa ya moto mpaka lilegee, ulilaze kati ya mbao mbili. Usilitie kwenye miali: likiungua linatoa moshi wa asidi unaoumiza kifua na kutia kutu kila chuma kilichopo chumbani. Zungushia bapa tepu ya karatasi mara mbili ili kubaki nafasi, pasha PVC tena, likunje kuzunguka kisu, libane kwenye jiliwa kati ya vipande vya godoro mpaka lipoe. Toboa pembeni, tia ribiti, na toboa tundu dogo chini la kutolea maji. Ukishika ala ukaipindua chini juu na kuitikisa, kisu kisitoke. Kikitoka, pasha mdomo wa ala, ubane tena kidogo.

Ukipenda ngozi, fundi viatu ana uzi wa nailoni na shazia, atakushonea. Msisitize kitu kimoja: kati ya pande mbili, kwenye mstari wa mshono, aweke ukanda wa ngozi wa unene wa milimita 3 au 4. Bila ukanda huo makali yanakata uzi kila unapochomeka, na siku moja kisu kinatokea ubavuni.

Namna ya kukishika huhitaji kufundishwa sana, isipokuwa mambo machache. Chane zikate mkungu ukiwa umesimamishwa au umeninginizwa, kisu kikienda mbali na paja. Usikate kitu juu ya mapaja ukiwa umekaa kwenye kigoda. Upande wa ndani wa paja unapita mshipa mkubwa, na jeraha lake halingojei daladala. Kisu kikikuponyoka, kiache kianguke. Ukijikata, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi mfululizo bila kuchungulia. Kidole kikifa ganzi au kikashindwa kujikunja, nenda kituo cha afya. Kwa mtu wa zizi na samadi kama wewe, hakikisha sindano ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Sasa la askari. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inafanya kuwa kosa mtu kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Mambo mawili yanaangaliwa hapo, sababu na namna. Sababu unayo: ndizi. Namna ndiyo ulikosea. Kisu cha nchi 8 kiunoni mwa mtu aliyesimama stendi kinasomeka vingine, hata kama ala yake ni nzuri. Sime kiunoni mwa Mmasai haishangazi mtu Arusha wala Moshi. Cha kwako kitashangaza, na hakuna haja ya kubishana na mazoea. Kutoka Kibosho mpaka Mbuyuni kisu kiwe ndani ya ala, chini kabisa ya kapu au begi, pamoja na kamba, mizani na kitambaa, mpini ukitazama chini. Kifunge kiunoni ukishafika kwenye meza yako tu. Ukiulizwa, jibu kazi yako kwa sentensi moja, usikichomoe kuonyesha. Mwache anayeuliza aombe kukiona, na ukikitoa kitoe kikiwa ndani ya ala. Benki, mahakamani na ofisi za serikali usiingie nacho. Ukisafiri kwa ndege kutoka KIA, kinakwenda kwenye begi la chini, si la mkononi.

Kwenye bodaboda kuna jingine: kisu kisikae kiunoni wala mgongoni. Ukianguka, ala inaweza kugeuka au kuchomoka, na ncha ikaelekea mbavu au uti wa mgongo. Kapuni kimelala, kimezungukwa na vitu laini.

Urefu wenyewe unakuongezea maneno bila kukuongezea kazi. Kwa chane, boksi na kamba, bapa la sentimita 9 hadi 11 linafanya yote, tena ncha inakuwa karibu na mkono hivyo unaielekeza vizuri. Hicho cha nchi 8 unaweza kukifupisha wakati wa kukipunguza, kwa diski nyembamba na maji mengi, ukikata upande wa mgongo kushuka kwenye makali ili mstari wa makali ubaki ulivyo.

Ukiona gharama za kukirekebisha zinakaribia bei ya kipya, agiza kingine na mpe fundi vipimo kwenye karatasi: bapa sentimita 10, upana milimita 28, mgongo milimita 3, mteremko kuanzia karibu na mgongo, nyuma ya makali nusu milimita, makali upande mmoja tu, maana cha makali kuwili hukiwekei kidole gumba mgongoni na kinaonekana silaha. Msuka mpana mpaka mwisho wa mpini, ribiti tatu za shaba, mninga mkavu, kinundu cha kidole. Kuchovya kwenye mafuta, kuoka saa mbili mara mbili. Lipa nusu. Nyingine umpe siku utakapokwenda na boksi tupu mkononi, ukalikata mbele yake.